Mkate Unapogeuka Adui wa Tumbo

Ngano ni nafaka njema. Mkate wa asubuhi, chapati ya jioni na mandazi ya kantini vimewalisha askari wengi, wala hapana sababu ya watu wote kuviogopa. Lakini wako watu, kadiri ya mmoja katika kila mia ulimwenguni, ambao ngano huwadhuru kimya kimya. Ugonjwa wao huitwa siliaki.

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Kwa mgonjwa wa siliaki, walinzi wa mwili huidhania gluteni kuwa adui. Hufyatua risasi, nazo huiangukia nyumba yao wenyewe, yaani ukuta wa utumbo mwembamba. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula huliwa vikaisha. Mtu hula akashiba, na mwili wake ukabaki na njaa.

Aliyeifichua siri hiyo ni Dakta Willem Dicke, mganga wa watoto wa Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 aliushuku mkate. Katika njaa kuu ya mwaka 1944 hadi 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alieleza matokeo yake katika tasnifu.

Wengi hudhani kwamba maradhi haya ni ya watoto tu. Sivyo. Mtu mzima aweza kuharisha kwa miezi na kukonda. Mwingine haharishi kamwe, ila ana upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, uchovu, vidonda vya mdomo, au malengelenge yenye kuwasha viwikoni na magotini. Mama naye aweza kuharibu mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana.

Dalili hizo hufanana na za minyoo, amiba, jiadia na kifua kikuu cha matumbo, ambavyo ni vya kawaida zaidi katika nchi zetu. Kwa hiyo daktari huvichunguza hivyo pia. Akishuku siliaki, hupima damu kutafuta silaha zile za walinzi wa mwili, kisha hupitisha mpira mwembamba wenye taa kinywani hadi utumboni na kuchukua vipande vidogo vya nyama vipimwe. Hapa ndipo wengi hukosea: huacha mkate kwanza, ndipo waende hospitali. Utumbo ukishaanza kupona, kipimo hudanganya. Mgonjwa na aendelee kula kama kawaida mpaka vipimo viishe.

Dawa yake ni chakula, na ni cha maisha yote. Kwa bahati njema, jiko la Kiafrika limejaa vyakula salama: ugali wa mahindi, wali, mtama, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, maharage, samaki na nyama. Vitumbua vya unga wa mchele vyafaa. Visivyofaa ni mkate, chapati, mandazi, sambusa, tambi, biskuti na bia ya shayiri. Mpishi asikaange muhogo katika mafuta yaliyokaangiwa mandazi, wala asisagishe mahindi penye kinu kilichotoka kusaga ngano. Makombo kidogo tu yatosha kuwaamsha walinzi.

Anayepuuza hulipa kwa mifupa kudhoofika na kuvunjika upesi, neva kuharibika, bandama kushindwa kazi yake, na kwa nadra saratani ya utumbo. Aliyeacha ngano na bado anakonda arudi kwa daktari bila kukawia. Hata anayeendelea vizuri apimwe damu kila mwaka, na wazazi, ndugu na watoto wake wapimwe pia, kwani maradhi haya hufuata damu.

Basi mke wa askari amwekapo mumewe sahani yake ya ugali kando, majirani wasimwite mwenye madaha. Sahani hiyo ndiyo dawa yake.