Kronografu: Saa Inayoipima Risasi Ikiwa Mbioni

Waswahili tukitaka kusema jambo limepita upesi, husema kufumba na kufumbua. Kope kushuka na kupanda huchukua walau sehemu ya kumi ya sekunde. Risasi ya bunduki ya kuwindia, iendayo mita 800 kwa sekunde, kwa muda huo imekwisha kwenda mita 80, na kiwanja kizima cha mpira kina mita 105 hivi. Jicho halifui dafu hapo. Lakini je, wajua kwamba kipo kifaa kinachoenea kiganjani ambacho kitakuambia risasi hiyo imepita kwa mita 806, na si 798? Jina lake ni kronografu.

Wanaokitumia zaidi ni watu wanaojijazia risasi wenyewe. Huko Marekani hii ni kazi ya kawaida ya wawindaji na washindani wa shabaha. Ganda la shaba likishatumika halitupwi. Husafishwa, hurudishwa umbo lake, hutiwa fataki mpya chini, hupimiwa baruti, kisha kichwa hushindiliwa mdomoni. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya shayiri: greni 7,000 ndizo hutimia ratili moja, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mjazaji hukaa mbele ya mizani akidondosha chembe mojamoja, pumzi ameibana, maana hata feni ya dari yaweza kuipotosha mizani hiyo.

Akimaliza, risasi hamsini zimepangwa ndani ya boksi, zote sura moja. Je, kasi nayo ni moja? Kwa kuzitazama tu hawezi kujua. Tuseme moja inatoka kwa mita 800 kwa sekunde na jirani yake kwa 785. Shabaha ikiwa mita 500, hata tukiusahau ukinzani wa hewa, ile ya pili itapiga sentimita 7 chini ya ya kwanza, kwa sababu imechelewa njiani na dunia imepata muda zaidi wa kuivuta. Hewa huongeza pengo hilo. Mshindani aliyekosa kwa sentimita hizo hulaumu mkono wake au upepo, kumbe kosa lilianzia mezani.

Haja hii ni ya zamani. Mwingereza Benjamin Robins aliitatua kwa bamba na ubao. Katika kitabu chake cha mwaka 1742 juu ya elimu ya mizinga alieleza jinsi ya kupiga risasi kwenye bamba zito la chuma lililofunikwa ubao na kuning'inizwa kama bembea. Bamba likibembea, huvuta utepe. Urefu wa utepe uliovutwa huonyesha bamba limekwenda umbali gani, na kwa kujua uzito wa bamba na wa risasi, hesabu hutoa kasi. Robins akapata karibu mita 500 kwa sekunde, kasi inayoipita ya sauti. Tena akagundua kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu kubwa kuliko walivyodhani wapiga mizinga wa zama zake. Mimi huyu namheshimu sana, maana hakuwa na umeme wala saa ya kunasa mwendo wa upesi hivyo.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, ofisa wa mizinga wa Ubelgiji, Le Boulengé, alileta kifaa kilichotumiwa na majeshi mengi hadi karne ya 20. Fimbo ndefu ya chuma hushikiliwa juu na sumaku ya umeme. Risasi ikikata waya wa kwanza, fimbo huanza kuanguka. Ikikata waya wa pili, kipande kifupi nacho huachiliwa, kikagonga kifyatulio, na kisu kikaruka na kuichanja ile fimbo ikiwa bado hewani. Mchanjo ukiwa mbali zaidi, muda ulikuwa mrefu zaidi. Mvutano wa dunia wenyewe ndio uliokuwa saa.

Leo mnunuzi ana njia tatu kuu mbele yake, na hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kifaa chenye tarakimu nyingi ndicho chenye ukweli mwingi.

Ya kwanza ni ya mwanga, na ndiyo ya bei nafuu. Sensa mbili hutazama juu angani. Risasi ikipita, kivuli chake huiamsha ya kwanza, kisha ya pili. Sensa zikiachana kwa sentimita 30, risasi ya mita 800 huvuka nafasi hiyo kwa sehemu 375 za milioni za sekunde. Saa ya ndani ikipiga mara milioni nne kwa sekunde, itahesabu mapigo 1,500. Pigo moja likipotea, kosa ni nusu mita tu kwa sekunde. Saa basi haina neno. Sasa chukulia kwamba fremu haikufunguka vizuri na sensa zimesogeleana kwa milimita 3. Hiyo ni sehemu moja ya mia, na kasi utakayosoma imekosea kwa mita 8! Sensa hizohizo zikiachana kwa mita nzima, milimita 3 zitakupotosha kwa mita 2 na nusu hivi tu. Kwa hiyo anayenunua ya mwanga asiulize kwanza saa yake ina kasi gani. Aulize sensa zimeachana kiasi gani, na fremu ina uimara gani. Kifaa cha Oehler 35P, kilichotengenezwa Texas, kiliongeza sensa ya tatu ili kila risasi ipimwe mara mbili, na majibu mawili yasipolingana, mpigaji ajue kuna hitilafu. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyefikiri.

Udhaifu wa aina hii ni jua la jioni, mawingu yanayopishana, na taa za tyubu zinazometameta bila jicho kuona. Tena hukaa mbele ya mtutu, umbali wa mita tatu au zaidi ili mshindo usiiamshe kabla ya wakati, na wenye vifaa hivi wengi wamevipiga risasi wenyewe.

Ya pili ni ya sumaku, hufungwa chini ya mtutu mithili ya singe. Risasi ikipita juu yake huutikisa uga wa sumaku mara mbili. Haijali giza wala mawingu. Lakini uzito ule ulioning'inia hubadilisha mtikisiko wa mtutu, hivyo siku ya kupima kasi usiitumie kupima shabaha.

Ya tatu ni rada. King'ora cha gari la wagonjwa hupanda sauti likija na kushuka likienda. Christian Doppler aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842, na ndiyo inayoendesha tochi za rada za trafiki. Wimbi la gigahezi 24 likirudi kutoka kwenye risasi ya mita 800 huwa limehama kwa mitetemo 128,000 kwa sekunde, na kuihesabu hiyo ni rahisi. Rada hukaa pembeni ya bunduki, haigusi mtutu, haihitaji jua. Garmin Xero C1 Pro ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa karibu dola 600. Kwa mwenye uwezo, mimi ningesema achukue rada bila kusita.

Ila rada yoyote haitamwokoa mwenye haraka. Wengi hupiga risasi tatu, wakaona mtawanyiko wa kasi (mkengeuko sanifu) wa mita 5 kwa sekunde, wakafurahi. Kwa risasi tatu, mtawanyiko wa kweli waweza kuwa popote kati ya mita 2 na nusu na 31. Kwa risasi kumi, yaelekea ni kati ya 3 na nusu na 9. Piga kumi, uandike zote, hata ile inayokuudhi.

Na kumbuka kwamba kronografu hupima kasi, haipimi mgandamizo ndani ya chemba. Ila ukiona kasi imezidi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha vipimo kwa baruti hiyohiyo na mtutu wa urefu uleule, mgandamizo nao huenda umezidi. Weka bunduki chini, usipige nyingine, na risasi zilizobaki zirudishe mezani uzifungue.