Je, Wajua? Tangi la petroli nalo hupumua

Tangi la gari la zamani, kama la Land Rover nyingi za miaka ya 1960, lina tundu dogo la hewa, mara nyingi kwenye mfuniko. Petroli inapopungua, hewa huingia kujaza nafasi. Tundu likizibwa na vumbi, pampu hushindwa kuvuta mafuta na injini huzima. Mfuniko ukifunguliwa, hewa ikaingia kwa mluzi na gari likawaka tena, tatizo ni tundu hilo: lisafishwe.

Kupanda mlima Kitonga kwenda Iringa na Mbeya huleta shida nyingine. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko pwani. Mvuke wa petroli huongezeka, na tangi lililoziba huvuja kwenye mpira wa mfuniko uliochakaa au kwenye maungio yenye kutu.

Mpira hubadilishwa. Tangi lililotoboka halichomelewi kabla ya kumwagwa, kuoshwa na kuondolewa mvuke wote, kwani hata tangi tupu lenye mvuke hulipuka.