Habari za Thieta ya Taifa ya Nairobi

Mtu akitaja thieta katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, wengi hufikiri chumba cha hospitali ambamo wagonjwa hupasuliwa. Mgonjwa akitoka Basotu akapelekwa Haydom, na ndugu zake wakaambiwa kwamba ameingizwa thieta, hukaa nje wakasali. Lakini neno hilo lina maana nyingine, nayo ni ya zamani zaidi: jumba lililojengwa makusudi kwa michezo ya kuigiza, lenye jukwaa, pazia, taa, na viti vya watazamaji vilivyopangwa kwa safu. Sisi hapa shuleni hatuna jumba la namna hiyo. Michezo yetu huchezwa bwaloni, meza zikisogezwa ukutani, na pazia letu ni mashuka yaliyoazimwa bwenini. Basi nimeona si vibaya kueleza habari za thieta moja ya mji mkubwa wa jirani zetu, yaani Nairobi, kwa sababu ndani ya historia yake mna ugomvi wa miaka mingi juu ya nani apewe ufunguo wa jumba, na akiisha kuingia aseme kwa lugha gani.

Thieta ya Taifa ya Kenya iko kando ya barabara iitwayo leo barabara ya Harry Thuku. Ng'ambo yake ni hoteli ya Norfolk, na Chuo Kikuu cha Nairobi hakiko mbali. Hapana budi nianze na mahali penyewe, maana pana habari kabla ya jiwe lo lote la thieta kuwekwa. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, na barazani mwake ndipo masetla walipokuwa wakikaa kunywa na kuzungumza. Mwaka wa 1921 kijana mmoja aliyekuwa karani wa simu wa serikali, Harry Thuku, alianzisha chama cha kupinga kipande, kodi ya nyumba, na kazi za kulazimishwa. Mwezi wa Machi mwaka wa 1922 akakamatwa. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli hiyo, wakitaka aachiliwe, na tarehe 16 wazee wao walipowaambia warudi makwao, wanaume wengi wakaanza kuondoka. Ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe yeye suruali zao. Umati ukasogea mbele, askari wakapiga risasi. Husimuliwa pia kwamba masetla waliokuwa barazani mwa hoteli walipiga risasi zao. Serikali ilisema waliokufa ni 21, wengine wakasema ni wengi zaidi ya hao. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Miaka 30 baadaye, mahali hapo hapo pakajengwa jumba la michezo. Sheria ya kuanzisha Kituo cha Utamaduni cha Kenya ilitungwa mwaka wa 1951, na thieta ikafunguliwa mwaka wa 1952. Miongoni mwa waliousukuma mpango huo alikuwa Bwana Richard Frost wa British Council, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya siku zake za Kenya. Nia iliyotajwa ilikuwa kupata mahali ambapo wakubwa wa mataifa mbalimbali, Wazungu, Wahindi na Waafrika, wangeweza kukutana na kuzoeana. Siwezi kusema kwamba nia hiyo ilikuwa mbaya. Lakini tuangalie mwaka wenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wengi wakapelekwa kambini. Katika mji wa namna hiyo, Mwafrika gani angetoka nyumbani kwake usiku aende mpaka mbele ya Norfolk kutazama mchezo wa Kiingereza? Jumba liliitwa la Taifa, lakini sehemu kubwa ya taifa ilikuwa ikiulizwa vyeti barabarani. Kwa muda mrefu waliolitumia zaidi ni vyama vya Wazungu waliopenda kuigiza, na michezo yao ilitoka London.

Bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Watu wengi wangedhani kwamba tangu siku hiyo thieta nayo ilipata uhuru wake. Haikuwa hivyo upesi. Ni kweli kwamba Mwafrika wa kwanza, Seth Adagala, aliwekwa kuwa mkuu wake, na vijana wa Kiafrika wakaanza kufundishwa kazi ya jukwaani. Lakini ratiba ya mwaka, yaani kalenda inayoonyesha nani atatumia jukwaa wiki gani, iliendelea kujaa michezo ya vyama vile vile vya zamani. Mimi nafikiri ratiba ni kitu chenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Hakuna aliyefukuzwa mlangoni. Mtu huambiwa kwa adabu kwamba siku zimekwisha chukuliwa, basi.

Wenzangu wanaosoma Fasihi ya Kiingereza wanaujua mchezo wa Ngugi wa Thiong'o uitwao The Black Hermit. Mchezo huo haukuanzia Nairobi kwao mwandishi. Ulichezwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1962 katika Thieta ya Taifa ya Uganda, Kampala, iliyofunguliwa mwaka wa 1959. Ngugi alikuwa mwanafunzi wa Makerere wakati huo, na wachezaji walikuwa wanafunzi wenzake, katika shangwe za Uhuru wa Uganda. Namtaja kwa sababu yeye ndiye aliyegombana na mlango wa thieta ya Nairobi kuliko mtu mwingine ye yote.

Ugomvi wa kwanza ni wa mwaka wa 1976. Ngugi na Micere Githae Mugo, wote wawili walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuwa wameandika mchezo uitwao The Trial of Dedan Kimathi. Kimathi alikuwa mkuu wa wapiganaji wa Mau Mau. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika mchezo anasimama mbele ya hakimu akikataa kuitambua mahakama, na katika chumba chake cha gereza wanamjia watu wa kila namna wakimshawishi asalimu amri. Mchezo huo, pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ulichaguliwa kuiwakilisha Kenya katika sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi iliyofanyika Lagos, Nigeria, mwezi wa Januari na Februari 1977. Wachezaji wakaomba kuionyesha michezo hiyo kwanza kwa wananchi wenyewe, katika Thieta ya Taifa, mwezi wa Oktoba, ambao ndio mwezi wa kukumbuka kukamatwa kwa viongozi wa Kenya.

Wakajibiwa kwamba nafasi ni ndogo. Wiki zilizofaa zilikuwa zimekwisha wekewa ngoma za kundi moja kutoka Ufaransa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, uliokuwa unaandaliwa na chama cha Wazungu wa Nairobi. Msomaji afikiri mwenyewe: nchi ina miaka 13 ya uhuru, mchezo ni wa shujaa aliyeupigania uhuru huo, jumba lina jina la taifa, na mchezo unapewa siku chache zilizobaki katikati ya mambo ya wageni. Maneno yakawa makali hata magazetini. Ngugi ameandika kwamba yeye na Adagala, ambaye ndiye aliyeuongoza mchezo, waliitwa na polisi wakahojiwa.

Siku zilipofika, jumba lilijaa. Ameeleza pia kwamba mchezo ulipokwisha watazamaji hawakupiga makofi wakaenda zao, bali waliinuka wakaufuata wimbo wa mwisho pamoja na wachezaji, wakatoka nje wakicheza mpaka barabarani. Walitaka kwenda upande wa pili, kwenye Norfolk, lakini askari wakawazuia. Ilikuwa barabara ile ile ya mwaka wa 1922.

Hapa niingize neno juu ya Kampala, ingawa habari yangu ni ya Nairobi. Uganda nayo ilipeleka mchezo Lagos mwaka ule ule. Ulikuwa wa Kiganda, umetungwa na Byron Kawadwa, mkuu wa thieta yao. Aliporudi nyumbani watu wa serikali ya Idi Amin wakamchukua kutoka thieta yenyewe, akauawa. Kwa hiyo tukisema kwamba michezo ya kuigiza ni ya kufurahisha watu tu, tukumbuke kwamba wako watawala walioiogopa kuliko sisi tunavyoiheshimu.

Ngugi akaenda kutafuta mahali pengine. Kijijini Kamiriithu, karibu na Limuru, watu wa kazi za mikono, wakulima, na vibarua wa mashamba ya chai walijijengea thieta yao wenyewe isiyo na paa, yenye kuchukua watu zaidi ya 2000. Mchezo wao ulikuwa wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, maana yake nitaoa nitakapopenda. Uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, na wanakijiji wakausahihisha katika mazoezi, wakisema mzee hawezi kusema hivi, kibarua hawezi kusema vile. Habari yake ni ya maskini mmoja mwenye shamba la eka moja na nusu, ambaye hati yake ameitundika ukutani, na tajiri mmoja akafanya hila mpaka shamba likapotea. Wazee wa Hanang, walioyaona malisho ya Basotu yakigeuzwa mashamba ya ngano katika miaka ya 1970, wangeuelewa mchezo huo bila ya mwalimu. Ulianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni yake ikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngugi akatiwa kizuizini bila ya kushtakiwa, akakaa karibu mwaka mzima.

Watu wa Kamiriithu hawakuchoka. Mwaka wa 1982 walitengeneza mchezo mwingine, Maitu Njugira, wenye nyimbo za makabila mengi ya Kenya, na safari hii walitaka kuuleta mjini, katika Thieta ya Taifa, mwezi wa Februari. Walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wako. Hawakupewa leseni. Wakaenda kufanya mazoezi Chuo Kikuu, hatua chache kutoka hapo, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo, kwa kuwa mazoezi hayahitaji leseni, mpaka yakazuiwa nayo. Tarehe 12 Machi 1982 thieta ya Kamiriithu ikabomolewa. Kwa hiyo jumba la mawe lililojengwa na wakoloni lilibaki limesimama, na lile la miti lililojengwa na wanakijiji kwa mikono yao likavunjwa na serikali yao wenyewe.

Jambo la lugha ndilo linalonigusa zaidi. Serikali ya Kenya iliuvumilia mchezo wa Kimathi uliosemwa kwa Kiingereza, ingawa ulikuwa na maneno makali. Mchezo wa eka moja na nusu, uliosemwa kwa lugha ya wenye eka hizo, haukuvumiliwa wiki saba. Upande wetu Tanzania, Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka wa 1969 kwa Kiswahili, juu ya vita vya Maji Maji, na mchezo wa Kimathi wenyewe ulitolewa kwa Kiswahili mwaka wa 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Siku ya wazazi hapa shuleni hutokea tukaigiza kwa Kiingereza kusudi tuonyeshe tulivyosoma, na mama aliyetoka Dongobesh alfajiri hukaa safu ya mbele akimtazama mwanawe kwa furaha kubwa asielewe neno. Yeye ameingia, mlango uko wazi, lakini mchezo haujamfikia. Naliuliza baraza la wanafunzi lifikiri jambo hilo kabla ya mahafali yajayo, na tayari wako wanaopinga, wakisema Kiingereza ndicho kitakachotuvusha katika mtihani.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kusema juu yake. Jumba la Nairobi lilichakaa, likafanyiwa matengenezo makubwa, na likafunguliwa tena mwaka wa 2015. Michezo ya Kiafrika ndiyo inayochezwa humo sasa zaidi, na wanafunzi wa shule za sekondari huenda kutazama vitabu vyao vya mtihani vikiigizwa. Micere Githae Mugo alifariki mwaka wa 2023, na Ngugi alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku Kamiriithu, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Thieta ya Taifa, mara kwa Kiingereza na mara kwa Kikuyu, na tiketi zilinunuliwa zikaisha.