Vinasaba na Uraibu: Kwa Nini Mmoja Hunaswa na Mwingine Huponyoka

Si kila anayeonja dawa ya kulevya huishia kuwa mraibu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 uligundua kuwa miongoni mwa watu waliowahi kutumia heroini, takriban asilimia 23 walifikia uraibu. Kwa tumbaku kiwango kilikuwa asilimia 32, kokeini 17, pombe 15 na bangi 9. Dawa ni ileile, lakini mmoja huiacha baada ya siku chache, na mwenzake huuza hata godoro la mama yake ili apate ya kesho. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutoka katika vinasaba, yaani maelekezo ya kimaumbile ambayo mtoto huyarithi kutoka kwa baba na mama.

Kwamba uraibu huandama baadhi ya koo ni jambo linalojulikana tangu zamani. Ugumu ulikuwa kutenganisha damu na malezi, kwa kuwa mtoto wa mlevi hurithi jeni za mzazi na papo hapo hukulia katika nyumba yenye chupa. Wanasayansi walilitatua tatizo hilo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuwafuatilia watoto walioasiliwa. Mwaka 1973, Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Denmark waliotenganishwa na wazazi wao wakiwa wachanga na kulelewa na watu wengine. Waliozaliwa na mzazi mraibu wa pombe walipata tatizo hilo kwa takriban asilimia 18, ilhali wenzao ambao wazazi wao hawakuwa waraibu walikuwa asilimia 5. Mwaka 2012, utafiti wa Sweden uliohusisha zaidi ya watoto 18,000 walioasiliwa ulionyesha picha kama hiyo kwa dawa za kulevya: asilimia 8.6 kwa waliokuwa na mzazi wa kuzaa aliyetumia dawa hizo vibaya, na asilimia 4.2 kwa wengine.

Njia ya pili ni kuwalinganisha pacha. Pacha wa yai moja wana vinasaba vilevile, na pacha wa mayai mawili hufanana kwa takriban nusu ya vinasaba, kama ndugu wengine wowote. Wote hulelewa nyumba moja. Ikiwa uraibu wa pacha mmoja huambatana na wa mwenzake mara nyingi zaidi kwa wale wa yai moja, urithi una mkono katika jambo hilo. Tafiti za aina hii zinakadiria kuwa urithi huchangia takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa pombe, na kati ya asilimia 40 na 70 kwa dawa nyingine nyingi. Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazisemi kwamba nusu ya watoto wa mlevi watakuwa walevi. Zinaeleza tu ni kiasi gani cha tofauti baina ya watu katika jamii fulani kinachotokana na vinasaba.

Mfano ulio wazi zaidi wa jeni inayogusa uraibu uko kwenye ini. Pombe huvunjwa kwa hatua mbili. Kimeng'enya cha kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu. Kimeng'enya cha pili huiondoa sumu hiyo. Watu wengi wa Japani, China na Korea wana aina ya jeni ya ALDH2 inayokifanya kimeng'enya cha pili kuwa dhaifu. Wakinywa hata kidogo, sumu hujikusanya: uso huwa mwekundu, moyo huenda mbio na kichefuchefu huwashika. Aliyerithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili ni nadra sana kuwa mraibu wa pombe. Dawa ya disulfiramu, ambayo imetumiwa kuwasaidia waraibu wa pombe tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hichohicho. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika ipo aina nyingine, katika jeni ya ADH1B, inayoharakisha hatua ya kwanza, nayo pia imehusishwa na kinga ya kiasi dhidi ya uraibu wa pombe.

Kwa tumbaku, jeni mbili zinajulikana vizuri. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kuwa eneo moja la kromosomu ya 15, ilipo jeni ya CHRNA5, linahusiana na wingi wa sigara ambazo mvutaji huvuta kwa siku. Jeni hiyo huchangia kujenga kipokezi cha nikotini kwenye ubongo. Majaribio ya panya yalionyesha kuwa kipokezi hicho kikiwa na kasoro, ishara ya ubongo inayoikataa nikotini ikizidi hufifia, na mnyama huendelea kujiongezea. Kwa binadamu, kila nakala ya aina ya jeni hiyo iliyo na hatari huongeza takriban sigara moja kwa siku. Jeni ya pili ni CYP2A6, inayosimamia uondoaji wa nikotini mwilini. Ambao ini lao huiondoa polepole hukaa na nikotini muda mrefu zaidi, hivyo huvuta sigara chache na kwa wastani huacha kwa urahisi zaidi kuliko wengine.

Heroini, mofini na dawa nyingine za jamii hiyo, ziitwazo opioidi, hufanya kazi kwa kushika vipokezi maalumu kwenye ubongo. Tofauti ndogo katika jeni ya OPRM1, inayojenga kipokezi kikuu cha dawa hizo, imehusishwa na uraibu katika utafiti mkubwa wa maveterani wa Marekani. Hata hivyo, athari yake kwa mtu mmoja ni ndogo.

Udogo huo wa athari ndio kanuni. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba aina fulani ya jeni ya DRD2, inayohusika na kipokezi cha dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kurudia kilichoufurahisha, huonekana kwa wingi miongoni mwa waraibu wa pombe, na baadhi ya watu wakadhani jeni ya ulevi imepatikana. Tafiti zilizofuata zilitoa majibu yanayopingana. Mwaka 2019, uchambuzi wa vinasaba vya watu milioni 1.2 ulibainisha zaidi ya maeneo 400 yanayohusiana na uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe, na kila moja lilichangia chembe tu. Utafiti wa mwaka 2023 uligundua pia kuwa sehemu ya hatari hiyo ni ya pamoja kwa tumbaku, pombe, bangi na opioidi, na inahusiana na namna ubongo unavyoratibu dopamini. Ndiyo maana katika ukoo mmoja babu anaweza kuwa mtumwa wa pombe, mwanawe wa sigara na mjukuu wa heroini.

Mazingira nayo yana nguvu zake. Katika miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa dawa za kulevya. Waliporudi nyumbani, mbali na vita na dawa za bei rahisi, wengi wao hawakurudia. Japani ilitoa funzo la upande wa pili. Mwaka 1979, ni asilimia 2.5 tu ya waraibu wa pombe waliokuwa na nakala moja ya ile aina dhaifu ya ALDH2. Kufikia 1986 walikuwa asilimia 8, na mwaka 1992 asilimia 13. Vinasaba vya taifa zima havibadiliki kwa miaka 13. Kilichobadilika ni jamii. Umri wa kuanza nao una uzito, kwa sababu sehemu ya ubongo inayodhibiti tamaa haikomai hadi mtu apite miaka 20.

Kwa Afrika Mashariki, ambako heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani tangu miaka ya 1980, elimu hii bado ina pengo kubwa. Data nyingi za vinasaba zilizokusanywa duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba. Alama za hatari zilizokokotolewa kwa Wazungu hazifanyi kazi vizuri kwa Mswahili, Mmasai au Mkikuyu. Hakuna kipimo cha damu cha kuaminika kinachoweza kumwambia kijana kwamba atakuwa mraibu au hatakuwa, na anayekiuza anauza ahadi tupu.

Kinachoweza kutumika leo ni historia ya familia. Nyumba ambayo baba, shangazi au mjomba amesumbuliwa na pombe, bangi au unga inapaswa kuwaeleza watoto ukweli huo mapema, bila kuuficha kama aibu, na kuwahimiza wasionje kabisa, hasa wakiwa shuleni. Na aliyekwisha kunaswa anastahili matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2011, na nyingine zilizofuata Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, zimewarudisha watu kazini na kwa watoto wao. Kumwita mraibu mtu asiye na maadili ni kupuuza yale yote ambayo sayansi imeyajua kuhusu mwili wake. Kumwambia kwamba amezaliwa hivyo na hawezi kupona ni kosa lilelile kwa sura nyingine.