Batsinda: Fomu za ujenzi zimehamia kwenye kompyuta, malipo bado yanasubiri

Kutengeneza violezo vya mipango ya utekelezaji kwa ajili ya saiti za ujenzi kumeanza kuwa biashara inayojitegemea Kigali. Wanaoifanya ni vijana wa kompyuta. Wanaobeba gharama yake ni wakandarasi wadogo na wa kati, na wale wa Batsinda hawafichi kwamba imewachosha.

Mtaa huu wa sekta ya Kinyinya, wilayani Gasabo, ulipokea mwaka 2008 familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu na kupewa nyumba za gharama nafuu. Tangu hapo kilima hakijatulia. Nyumba za kupangisha na majengo ya ghorofa yamepanda kuelekea Kagugu na Gasanze, na mwenye mradi mkubwa hataki tena daftari la kapita, yaani msimamizi wa mafundi. Anataka kila hatua, kuanzia kuchimba msingi hadi kupaka rangi, ionekane kwenye programu: nani anawajibika, kigezo cha kukubali kazi ni kipi, ushahidi gani umeambatishwa, nani amesaini.

Kiolezo ndicho kinachobeba hayo yote. Kuna kichwa chake, chini yake sehemu, na ndani ya kila sehemu vipengele vya ukaguzi. Mwenye mradi mmoja anaweza kuvijaza kwa mkono. Mwenye miradi mingi humtafuta kijana wa kuandika msimbo utakaotuma orodha nzima kupitia API, yaani njia ambayo programu husika hupokea taarifa kutoka programu nyingine. Mpangilio wa kutuma haubadiliki: kwanza kichwa, ambacho mfumo hukipa namba; namba hiyo hutumika kuongeza sehemu; namba ya sehemu hutumika kuongeza kipengele. Intaneti ikikatika katikati, kiolezo hubaki nusu. Mwenye haraka akirudia bila kukagua, anapata viwili vyenye jina moja, na watu wa saiti hawajui wafuate kipi. Anayeijua kazi huhifadhi kila namba anayorudishiwa, kisha huendelea pale alipoishia.

Mkandarasi mmoja anayejenga nyumba za ghorofa mbili Batsinda, ambaye hakutaka kutajwa kwa sababu bado anadai malipo, anasema hana ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ni kwamba kiolezo kiliandikwa kwa majengo makubwa, kisha kikabandikwa kwenye nyumba yake bila kupunguzwa. Kipengele cha zege la slabu kinataka majibu ya maabara kuhusu uimara wake baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Yeye anakubali kwamba vipimo ni vya lazima. Ila siku 28 haziwezi kusubiriwa na mafundi waliokwisha kuanza kuta za juu, kwa hiyo kazi inaendelea huku kipengele kikibaki wazi kwenye skrini. Malipo ya hatua hiyo nayo yamefungwa humo humo: kipengele hakijafungwa, hundi haiandikwi. Wakati huo mwenye duka la saruji anataka chake, na abayede, wasaidizi wa mafundi, hulipwa kwa siku.

Aliomba kiolezo kirekebishwe, majibu ya siku 28 yatengwe na malipo ya slabu. Kikarekebishwa, anasema, lakini kwa miradi itakayofuata tu. Hapo mtaalamu mmoja wa programu hizo anamuunga mkono: kwa kawaida mpango uliokwisha kuzaliwa kutoka kwenye kiolezo haubadiliki kiolezo kinapobadilishwa. Ni lazima uguswe wenyewe, mmoja mmoja, na hiyo ni kazi nyingine yenye ankara nyingine.

Lipo pia suala la majina. Kipengele hukabidhiwa mtu aliyesajiliwa kwenye mradi, na saiti yenye vibarua wanaobadilika kila wiki haina watu wa namna hiyo. Matokeo yake, mkandarasi huyo anakiri, kapita ndiye anayesaini karibu kila kitu, hata alichokifanya mwingine. Mwenye mradi anaona rekodi safi. Kama kazi nayo ni safi, rekodi haisemi.

Kwa upande wa serikali lugha ni nyingine. Afisa mmoja anayefuatilia sekta ya makazi anapenda kuanza na takwimu inayotajwa sana: nchi inahitaji nyumba zipatazo 150,000 kila mwaka hadi 2050. Kwa hoja yake, wingi huo hauwezi kukaguliwa kwa karatasi. Vibali vya ujenzi vinaombwa mtandaoni, na ukaguzi wa saiti hauna budi kufuata njia hiyo. Hoja ina uzito. Hata hivyo takwimu hiyo inapima hitaji, haipimi nyumba zilizosimama, wala haisemi mkaguzi anafika saiti baada ya muda gani. Alipoulizwa hilo, afisa alirudi kwenye 150,000. Wakandarasi wanasema ukaguzi wa msingi bado unategemea mtu kupanda kilima na kuangalia shimo, na mvua za Machi hadi Mei hazimsubiri.

Gharama nazo hazilingani na mapato. Programu nyingi za aina hii zinatoka nje na hutozwa kwa dola, wakati mkandarasi analipwa kwa faranga, ambayo mwaka 2023 pekee ilipoteza takribani asilimia 18 ya thamani yake mbele ya dola. Huduma inayonunuliwa nje huvuta pia VAT ya asilimia 18, na malipo yake yanaweza kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, ambayo muuzaji wa nje mara nyingi humwachia mteja aibebe. Tena majina, simu na picha za wafanyakazi ni taarifa binafsi, na sheria ya 2021 inataka kibali kabla ya kuzihifadhi nje ya nchi. Wangapi kati ya wanaouza violezo wamewaeleza wateja wao jambo hilo? Wawili walioulizwa walijibu kwamba ni kazi ya mwenye programu.

Wauzaji wanatarajia kazi iongezeke, na huenda ikawa hivyo, kwa kuwa wawekezaji wakubwa hawaonyeshi dalili ya kurudi kwenye daftari. Kwa wadogo picha haiko wazi. Baadhi wanaungana kununua kiolezo kimoja kilichopunguzwa kwa nyumba za kawaida, na wanasema kinasaidia hasa pale mteja anapokataa kazi bila sababu. Wengine wameanza kuweka bei ya fomu ndani ya zabuni, jambo linaloweza kupandisha gharama za nyumba zile zile zinazoitwa nafuu. Mkandarasi wa ghorofa mbili anasema zabuni ijayo ataisoma kuanzia kiolezo kabla ya kufika kwenye bei, na pasipo kipengele cha malipo kutenganishwa na maabara, hataisaini.