Wanasarakasi wa Demuth Sebuleni: Pesa Iende Wapi?

Mwaka 1919 Charles Demuth, mchoraji wa Lancaster, Pennsylvania, alichora wanasarakasi kwa penseli na rangi za maji kwenye karatasi ya sentimita 33 kwa 20. Picha hiyo, Acrobats, sasa iko makumbusho ya MoMA, New York, na ukubwa wake unakaribiana na karatasi ya A4. Shika kipimo hicho, kwa sababu pesa nyingi za wanunuzi wa nakala hupotelea hapo.

Demuth alipenda vaudeville, maonyesho ya Marekani ya enzi zile ambapo kwa tiketi moja uliona mchezaji ngoma, mchekeshaji, mwimbaji na mwendesha baiskeli wa sarakasi. Alichora miili iliyojipinda ndani ya miduara ya taa za jukwaani. Rangi ikiwa bado mbichi, aliifyonza kwa karatasi kavu ili ibaki na madoa na mawimbi. Mistari ya penseli hakuificha. Na ule mwanga unaoonekana kumulika wachezaji wake, sehemu kubwa ni weupe wa karatasi yenyewe unaopenya rangi nyepesi.

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu anunue nakala ya kanvasi ya upana wa mita moja. Madukani ndiyo inayosukumwa zaidi, kwa kuwa inajaza ukuta na haihitaji kioo. Lakini kitambaa kina nyuzi zake, na nyuzi hizo zinafunika kabisa ile hali ya karatasi. Mstari wa penseli ulio mwembamba kama unywele, ukikuzwa mara tano, unakuwa kamba. Unalipa zaidi ili upate kidogo.

Bango la kawaida ndilo rahisi kuliko yote, na kwa chumba cha kupanga cha mwaka mmoja linatosha. Tatizo ni wino. Mashine nyingi za steshenari hutumia wino ambao jua la dirishani huupausha upesi, na waridi na njano ndizo hutangulia. Wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi hukaa miongo. Tufanye hesabu ya mfano, wewe uweke bei za mtaani kwako. Bango liwe shilingi 20,000, chapa ya pigmenti 80,000. Ukilazimika kubadilisha bango kila baada ya miaka miwili, kwa miaka 10 umelinunua mara tano: 100,000, na nusu ya muda huo umekuwa ukitazama picha iliyopauka.

Njia ninayoipenda ni kupakua picha mwenyewe na kuipeleka kwa mchapaji mwenye wino wa pigmenti. Sheria haikuzuii: Demuth alifariki mwaka 1935, na Kenya na Tanzania Bara haki miliki hudumu miaka 50 baada ya msanii kufa. Kwa mchoraji kama Marc Chagall, aliyefariki 1985, ngoja kwanza. Kazi zake bado zinalindwa, nunua chapa yenye kibali. Tangu 2017 Metropolitan Museum ya New York inatoa bure picha za kazi zisizo na haki miliki, hata kwa biashara. Tazama pia tovuti ya Barnes Foundation ya Philadelphia. Mwanzilishi wake, Albert Barnes, alikuwa rafiki wa Demuth na mnunuzi wake mkubwa. Kabla ya kulipa, angalia ukubwa wa faili. Kwa sentimita 20 kwa 33 unahitaji takriban pikseli 2,400 kwa 3,900. Pungufu ya hapo, penseli itatoka na ukungu.

Ipo njia nyingine, nayo ni ghali zaidi: kumpa kazi mchoraji aliye hai. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa chenye jukwaa lake, na tamasha lake limekuwapo tangu 1982. Mchoraji wa rangi za maji akikaa pale jioni moja na daftari lake, utapata kazi ya mkono, iliyochorwa mara moja tu. Kama bajeti inaruhusu, hii inaishinda chapa yoyote ya Demuth, na pesa inabaki kwa msanii. Ila kubali masharti yake: rangi za maji halisi huogopa mwanga. Makumbusho huzionyesha kwa miezi michache, chini ya taa hafifu ya laksi 50 hivi, kisha huzirudisha stoo. Sebule yenye madirisha makubwa haizifai.

Ukichukua chapa, usiikuze. Ichapishe kwa kipimo alichochora Demuth, uiweke kwenye fremu ya A3. Itabaki nafasi ya kama sentimita tano kila upande kwa ukingo wa kadibodi nyeupe, na jicho litalazimika kusogea karibu, kama mtu wa kiti cha nyuma anayejisogeza aone jukwaa.

Kile ulichookoa kwenye ukubwa, mpe fundi fremu. Ukiishi pwani, mwambie kioo kisiguse karatasi hata kidogo, maana unyevu ukinaswa pale katikati huleta kuvu. Aifunge vizuri kwa nyuma, na wewe uitundike kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri.