'Tuma pesa, bia imeisha': Barua za kambi ya Warumi

Ukifungua simu yako sasa hivi, kuna mtu anataka umtumie pesa na mwingine anakualika bathdei. Basi jua kwamba miaka 1,900 hivi iliyopita, kaskazini mwa Uingereza, mambo yalikuwa ni yale yale.

Mahali penyewe panaitwa Vindolanda, kambi ya jeshi la Warumi iliyokuwepo hata kabla ya Kaisari Hadrian kuanza kujenga ukuta wake mwaka wa 122. Ukifika huko leo utaona nyasi na misingi ya mawe. Uhondo uko chini ya ardhi.

Mwaka wa 1973, mwanaakiolojia Robin Birley alifukua hapo vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Barua! Jamaa mmoja, Octavius, amenunua nafaka na anamlilia Candidus: asipotumiwa angalau dinari 500, atapoteza arbuni ya karibu dinari 300 na aaibike. Tena analalamika barabara ni mbovu. Masclus naye anaomba amri za kesho, halafu anachomekea kwamba vijana wake hawana bia, watumiwe.

Ninayoipenda zaidi ni ya Claudia Severa. Anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, kwa bathdei yake Septemba 11. Karani ndiye ameandika sehemu kubwa, lakini mwishoni Severa anachukua kalamu mwenyewe na kumsalimia rafikiye. Hayo ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kutoka kwa mkono wa mwanamke.

Mbona hazikuoza? Wanajeshi walipojenga upya, walibomoa kambi ya zamani ya mbao, wakaifunika kwa udongo na kujenga juu yake. Huko chini hewa ikakosa njia, na vijidudu vinavyoozesha vitu haviwezi kazi bila hewa. Ndiyo maana hata viatu vya ngozi vimetoka kwa maelfu, vingine vya watoto.

Sasa shida ni hii: udongo ukikauka, hewa inaingia. Katika kambi jirani ya Magna, mabadiliko ya tabianchi tayari yanaukausha, na tangu 2023 wachimbaji wako mbioni kuokoa kilichobaki.

Barua ya Severa iko salama British Museum, London. Zile ambazo bado ziko ardhini hazina nakala popote.